Binti yuko kidato cha tatu: tumpeleke kuona vyuo vikuu lini bila kuvuruga masomo?

Mama_Lanet

Habari za jioni wadau. Naomba ushauri, hasa kwa nyinyi mliokwisha pitisha watoto sekondari.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni kule Kakamega. Ni wa lile kundi la mwisho la 8-4-4, mtaala wa zamani, watafanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, 2027 na nyuma yao hakuna mwingine. Anataka uhandisi wa ujenzi. Lakini kila likizo anakaa na mjomba wake ambaye ni mtu wa kilimo huku Njoro, basi leo ni madaraja, kesho ni mifereji ya kunyunyizia maji shamba. Nimeona badala ya kubishana naye, afike mwenyewe ajionee. Tumepanga vyuo vitatu: Egerton kwa sababu iko karibu na nyumbani, Masinde Muliro kwa sababu ya uhandisi, na Maseno kwa sababu rafiki zake wote hawana wimbo mwingine.

Shida ni wakati. Shemeji anasema tungoje kidato cha nne, atakuwa amepevuka. Mimi naona kidato cha nne hata kupumua hawapumui. Nikitaja likizo, naambiwa vyuo navyo vinakuwa vimefunga. Nikitaja siku ya shule, mwalimu wa darasa ameshaniambia kwa simu kwamba ruhusa hutolewa kwa ugonjwa, msiba na karo, basi. Na nikifaulu kumtoa, kuna vipindi atakavyokosa, na kemia yake tayari inachechemea.

Nyinyi mlifanyaje?

Kondele_Kwetu

Mama, shukuru Mungu una mtoto anayejua anachotaka. Wa kwangu nilimuuliza anataka kusomea nini, akaniambia chochote mradi chuo kiwe na hosteli nzuri.

Sisi tulienda likizo ya Aprili. Mlinzi akatufungulia lango, akatutembeza, tukaona majengo. Majengo ni mazuri. Nakaa hapa nisome.

Msomi_Njoro

Mama Lanet, salamu. Mimi niko mwaka wa tatu Egerton, kampasi kuu ya Njoro, na nimewahi kuwatembeza wageni wa shule za sekondari, kwa hiyo niseme kuhusu kalenda maana hapo ndipo wazazi wengi wanapokwama.

Mwaka wa shule unaanza Januari. Mwaka wa chuo unaanza Agosti au Septemba. Muhula wa kwanza unakwenda hadi Desemba, wa pili Januari hadi Aprili hivi. Sasa angalia likizo za shule zinaangukia wapi. Aprili sisi tuko kwenye mitihani: hakuna mihadhara, watu wako maktaba na macho mekundu, ukimsimamisha mwanafunzi umuulize kuhusu kozi yake anakutazama kama umemdai pesa. Agosti wengi tuko nyumbani, na mwishoni mwa mwezi, pale ambapo pangechangamka, ni mwaka wa kwanza wanasajiliwa, foleni hadi nje. Desemba utakuta walinzi na ng'ombe wa shamba la chuo. Kondele_Kwetu hakudanganywa. Alionyeshwa majengo kwa sababu siku ile hapakuwa na kingine cha kuonyeshwa.

Jumamosi nayo ni hivyo hivyo. Madarasa machache, ofisi zimefungwa.

Kinachobaki ni mapumziko ya katikati ya muhula. Shule zinafunga Jumatano au Alhamisi na kurudi Jumapili, kwa hiyo unapata siku za kazi ambazo mtoto yuko huru na chuo kinafundisha. Yale ya Februari ndiyo bora kabisa. Yale ya Juni yanafaa pia, ila Mei hadi Agosti si kozi zote wala miaka yote inayokuwa kampasi, kwa hiyo pigeni simu kwanza idarani, si kwenye lango kuu, muulize kama mwaka wa pili au wa tatu wa kozi hiyo wana vipindi wiki hiyo. Mwaka jana wahadhiri waligoma siku 49 kuanzia Septemba, na kila chuo kikafidia muda huo kwa njia yake. Kalenda iliyobandikwa kwenye tovuti si ya kuitegemea peke yake.

Baba_Wawili

Nitasema linaloudhi. KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, haiulizi nani alitembelea wapi. Inaangalia gredi, masomo ya kundi la kozi, na nafasi zilizopo. Mtoto wa mkulima kule Bumula ambaye hajawahi kukanyaga chuo chochote akipata alama zake ataitwa uhandisi, na huyu aliyezungushwa vyuo vitatu akipata C+ tupu ataomba kozi zilizobaki. Siku hizi hata maombi yenyewe hufanywa matokeo yakishatoka. Haraka ya nini? Nauli hiyo nunua vitabu vya marudio, na hiyo siku ya shule mwache akae darasani.

Shangazi_Ughaibuni

Nawasoma kutoka Marekani na natabasamu, maana huku hii ni biashara nzima. Sekondari yao ni miaka minne, darasa la 9 hadi la 12, na familia nyingi hutembelea vyuo mtoto akiwa darasa la 11, miezi ya Machi na Aprili, kabla mitihani ya Mei haijamshika. Wanawahi kwa sababu darasa la 12 likianza tu, maombi yanaanza kutumwa. Shule nyingi zinampa mwanafunzi siku chache kwa mwaka za kutembelea chuo bila kuhesabiwa mtoro, ila lazima arudi na barua ya chuo kuthibitisha alifika. Wajanja huvizia zile Jumatatu ambazo shule zimefunga kwa sikukuu huku vyuo vingi vikiendelea kufundisha, ya Februari na ya Oktoba.

Lakini msiige kila kitu. Huku vyuo vingine vinaandika kabisa kwamba fulani alikuja, na ikifika siku ya kuchagua, jambo hilo linaweza kumsaidia kidogo. Huko kwetu, Baba_Wawili yuko sahihi, halimwongezei mtoto hata nukta. Anakwenda kwa faida ya macho yake tu.

Wanga_Mdogo

Hiyo faida ya macho msiidharau. Baba_Wawili, ni kweli kompyuta haijui nani alitembelea, lakini anayeijazia machaguo ni mtoto, na dirisha likifunguliwa baada ya matokeo, siku ni chache na kelele ni nyingi. Kila binamu ana kozi anayoisifia. Wakati huo vyuo viko vile vile havina watu au viko kwenye mitihani. Sasa huyo mtoto ataona lini?

Mimi niko uhandisi, mwaka wa nne, sitasema chuo gani maana nitakayoyasema si ya kusifia. Nilifika kidato cha tatu na mwalimu wetu wa fizikia. Mhadhiri alitupeleka karakana, nikauliza swali ambalo baba alinituma niulize: kozi hii imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi? Mhadhiri alijibu vizuri kwa kozi moja, na kwa nyingine akaanza kuzungukazunguka, mara maombi yako mezani, mara yanashughulikiwa. Hiyo ya pili ndiyo niliyokuwa nikiitaka. Nilibadilisha hapo hapo kichwani. Wenzangu wawili waliingia ile ya pili bila kuuliza, na hadi leo wanahangaika na habari za kuhama. Uhamisho upo, ndiyo, KUCCPS hufungua dirisha lake, lakini kozi unayohamia iwe na nafasi na wewe uwe ulifikisha alama zake.

Mama Lanet, uliza pia atachimenti, yale mafunzo ya kazini: wanafunzi huenda wapi, na ni nani anayewatafutia, chuo au mwanafunzi mwenyewe? Na mwombe binti azungumze na mwanafunzi wa kike wa uhandisi bila wewe kusimama karibu.

Baba_Wawili

Hilo la Bodi nimelikubali. La nauli bado.

MwalimuKemia

Nafundisha kemia na baiolojia shule ya bweni upande huu wa magharibi, kwa hiyo hiyo kemia inayochechemea imenigusa.

Wazazi huniuliza mtoto akitoka atakosa siku ngapi. Mimi huwauliza atakosa kipindi kipi. Kipindi ni dakika 40. Kuna dakika 40 ambazo mtoto mwenye rafiki mwenye mwandiko mzuri anazirudisha kwa prepu ya usiku mmoja, na kuna dakika 40 ambazo hazirudi.

Chukua kidato cha tatu. Huu ndio mwaka wa moli, kipimo cha kiasi cha kemikali, mada ambayo ikimponyoka mwanafunzi hapa inamfuata hadi chumba cha mtihani. Nikiwa nafundisha nadharia na amekosa, ananakili, ananijia na maswali mawili ofisini, tumemalizana. Lakini siku ya titresheni, ile ya kupima asidi tone kwa tone, hainakiliki. Mkono wa kushoto uko kwenye koki ya bureti, ule mrija wa kupimia, wa kulia unazungusha chupa, macho yako kwenye rangi. Tone moja kabla, kimiminiko ni cheupe kama maji. Tone linalofuata, kuna waridi hafifu sana inayokaa, na hapo ndipo unafunga. Ukichelewa matone matatu, waridi imekolea na hesabu yote imeharibika. Daftari la rafiki litamwonyesha jedwali lenye 24.5, 24.4, 24.5, halitampa mkono. Na karatasi ya tatu ya kemia KCSE inapima huo mkono. Dawa huandaliwa mara moja kwa darasa zima. Hakuna fundi wa maabara atakayempangia meza yake peke yake Jumamosi, mtasema nimekuwa mkali lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo kabla ya kuomba ruhusa, pata ratiba yake ya vipindi. Tafuta siku yenye maabara, na siku yenye hisabati vipindi viwili mfululizo. Hizo usiziguse. Siku yenye historia, dini, Kiswahili na michezo, hiyo inaweza kukopeshwa. (Walimu wa Kiswahili mnisamehe. Najua fasihi nayo ikisomwa darasani ina utamu wake, lakini kitabu anacho mkononi na atakisoma hata kwenye matatu.)

Sasa hilo la kungoja kidato cha nne, shemeji asikupotoshe. Kidato cha nne muhula wa kwanza, wa kilimo na wa kompyuta wanapewa miradi ya KNEC, baraza la mitihani. Ule wa kilimo una kitalu kinachohitaji maji na kumbukumbu za kila hatua. Huwezi kumwambia sukumawiki akungoje ukitalii. Muhula wa pili ni mtihani wa mwigo. Muhula wa tatu lango limefungwa, na kuanzia Oktoba ni vitendo halafu karatasi. Kidato cha tatu ndicho chenye nafasi.

Na akishapata ruhusa, kazi ni yake, si yako mama:

Aende kwa kila mwalimu wa kipindi atakachokosa, siku tatu nne kabla, aulize tu, "Mwalimu, Jumatano utafundisha nini?" Mwalimu ana azimio lake la kazi, atamwambia mada na kurasa. Azisome kabla hajatoka. Mtoto aliyesoma kabla anaponakili notisi anazielewa. Asiyesoma ananakili kama mashine.

Achague rafiki tofauti kwa kila somo. Yule anayeandika historia kama karani anaweza kuwa ndiye anayesinzia hisabati. Na kwa sababu simu haziruhusiwi shuleni, atanakili kwa mkono, jambo ambalo mimi naliona ni baraka.

Kama kuna jaribio siku hiyo, aombe kulifanya kabla. Baadaye haifai, maswali yatakuwa yameshalala bwenini na kuamka.

Na asirudi akawa na jibu la "nilikuwa na ruhusa". KNEC haisomi karatasi za ruhusa.

Kondele_Kwetu

"Maswali yameshalala bwenini na kuamka." Mwalimu umenirudisha 1998.

Mzee_wa_Mbale

Nimekuwa naibu mwalimu mkuu kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na nimesaini karatasi za ruhusa hadi mkono ukaota sugu. Niwape siri ya upande ule wa meza.

Mwalimu wa darasa akisema hapana kwa simu, hiyo si hapana ya shule. Ni hapana ya mtu aliyeshikwa na simu akiwa na vitabu kwapani. Ruhusa ya aina hii haimo kwenye mamlaka yake, kwa hiyo njia salama kwake ni kukataa. Andika barua kwa mwalimu mkuu, nakala kwa naibu na mwalimu wa darasa. Ipeleke wiki mbili kabla, si asubuhi ya siku yenyewe. Taja tarehe, taja chuo na idara, taja nani atamchukua na namba ya kitambulisho chake, na taja siku na saa atakayorudi. Ambatisha ujumbe wa idara ya chuo unaosema wanawatarajia. Barua yenye ujumbe wa chuo nilikuwa naisoma. Ile ya "naomba mwanangu aje nyumbani kwa shughuli muhimu ya kifamilia" nilikuwa naiweka chini ya rundo, maana nyingine zilikuwa arusi.

Naibu anaogopa vitu viwili. Kwanza, mtoto kutoka na asijulikane aliko. Pili, wengine mia wakisikia fulani alitoka watapanga foleni. Ukimwondolea hofu ya kwanza kwa maandishi, ya pili atajitafutia jibu mwenyewe.

Muhula wa tatu usijaribu. Tangu enzi za Waziri wa Elimu Matiang'i, ziara na shughuli za wageni muhula huo zilizuiwa, na walimu wakuu hawataki kabisa kuonekana wamelegeza.

Jambo jingine. Ukiwa hapo, mwulize mwalimu wa ushauri wa kazi kama shule ina mpango wa kuwapeleka kidato cha tatu kwa basi. Masinde Muliro iko pale pale mjini Kakamega. Mara nyingi hawaendi kwa sababu hakuna mzazi aliyeuliza.

Gredi10_Nakuru

Samahani kuingilia uzi. Na sisi wa CBE, mtaala mpya, je? Wangu ameanza gredi ya 10 Januari hii, njia ya STEM, yaani sayansi na teknolojia. Nianze kumzungusha sasa au ningoje?

MwalimuKemia

Karibu. Kwenu jambo limesogezwa mbele kwa sababu mtoto anachagua njia akiwa gredi ya 9. Zamani mzazi mwerevu alimpeleka mtoto chuoni mwisho wa kidato cha pili, kabla hajaacha masomo, ili asije akaacha fizikia Novemba na kutamani uhandisi Machi. Kwenu huo wakati umeshapita kwa huyu. Kama una mdogo wake, mpeleke akiwa gredi ya 9. Huyu wa gredi ya 10, mapumziko yoyote ya katikati ya muhula mwaka huu au ujao yanatosha, ila angalia ratiba ya tathmini za shuleni, maana hizo nazo zinahesabiwa na mradi wa kikundi haumngoji mtu mmoja.

Mama_Lanet

Nimesoma yote, nimemsomea na shemeji, amenyamaza. Asanteni sana.

Hali ni hii. Shule yao inafunga kwa mapumziko ya Juni siku ya Alhamisi saa mbili asubuhi, wanarudi Jumapili kabla ya saa kumi na moja. Vyuo ni vitatu na siku za kazi ni mbili. Nilikuwa nimepanga Alhamisi Masinde Muliro, Ijumaa Maseno, halafu niombe Jumatatu kwa ajili ya Egerton arudi shule Jumatatu jioni. Nikapata ratiba yake kupitia mzazi mwenzangu. Jumatatu: hisabati mbili mfululizo, halafu kemia mbili mfululizo maabara. Nikamkumbuka Mwalimu.

Jumatano je? Kiswahili, historia, Kiingereza, kilimo, baiolojia kipindi kimoja, mchana michezo. Nifikirie kumtoa Jumatano asubuhi badala ya kumchelewesha Jumatatu?

MwalimuKemia

Jumatano, bila kufikiria mara mbili. Siku moja kabla ya kufunga hata sisi walimu nusu ya akili iko kwenye kujaza ripoti. Baiolojia ya kipindi kimoja haiwezi kuwa maabara kubwa. Aulize tu kilimo, kwa sababu kidato cha tatu wakati mwingine tunawatoa shambani siku yenye jua, na hiyo nayo ni kazi ya mikono.

Tena kuna faida nyingine. Akitoka kabla, ana siku nne za kunakili akiwa nyumbani endapo rafiki atampa daftari Alhamisi mkutane njiani. Akichelewa kurudi, anaingia Jumanne wenzake wako mbele, na daftari la rafiki linatumika na rafiki.

Mzee_wa_Mbale

Na naibu atakubali Jumatano kwa urahisi kuliko Jumatatu. Mtoto anayetoka mapema anaonekana ni mpango. Anayechelewa kurudi anaonekana ni mtoro, hata akiwa na barua. Hiyo ni saikolojia ya ofisi, usiulize sababu.

Dereva_Luanda

Nimekuwa nasoma kimya. Mama, njia hiyo ni yangu. Jumatano mkimaliza Kakamega msishuke hadi Kisumu kutafuta gari la Maseno, mtazunguka bure. Pandeni la Kisumu, shukeni Majengo, chukueni la Luanda. Luanda na Maseno ni jirani, hata boda inawafikisha. Laleni upande huo Jumatano, Alhamisi asubuhi mko langoni. Mkitoka hapo ndipo mteremke Kisumu mpande la Nakuru. Msiondoke Kisumu jioni, hasa msimu huu wa mvua. Ukungu wa Mau Summit si wa kuchezea.

Na kama binti anataka kuona mambo ya udaktari pia, msiyatafute Maseno kwenyewe. Shule yao ya tiba iko Kisumu mjini, karibu na hospitali ya rufaa, ile sisi tunaita Russia.

Mama_Lanet

Udaktari? Usimwongezee jingine jamani, tuna madaraja na mifereji tayari.

Basi: Jumatano Masinde Muliro, Alhamisi asubuhi Maseno, Ijumaa Egerton tukitokea nyumbani. Barua naandika leo. Idara ya uhandisi Kakamega nimepiga simu, aliyepokea ameniambia mwaka wa tatu wako na wana kazi ya karakana Jumatano, ameahidi kutuma ujumbe. Maseno hawajapokea bado.

Wanga_Mdogo

Kama Maseno hawatapokea, iachie. Vyuo viwili vikiwa vinafundisha ni bora kuliko vitatu kimoja kikiwa kimya. Na kwa hivyo viwili, mwache akae ndani ya mhadhara mmoja hadi mwisho. Aombe ruhusa kwa mhadhiri, akae nyuma. Saa mbili za kusikiliza hesabu za mihimili zitamwambia kama ni madaraja kweli au ni picha za madaraja.

Baba_Wawili

Nina swali, na msinicheke. Huyo mlinzi wa langoni anawaruhusu tu wazazi kuingia na mtoto? Nauliza kwa sababu wangu wa pili yuko kidato cha tatu pia.

Kondele_Kwetu

Karibu sana mzee. Nauli umepata wapi?

Msomi_Njoro

Baba_Wawili, kwetu mnaandikisha majina langoni, mnaacha kitambulisho, mnasema mnakwenda idara gani. Ukisema "tunatembea tu" utaulizwa maswali. Ukitaja idara na jina la ofisi mliyozungumza nayo, mnapita.

Mama Lanet, Ijumaa hiyo nina mhadhara saa nne hadi saa sita, baada ya hapo niko huru. Nitamtafuta dada wa uhandisi wa kilimo mwaka wa tatu akae na binti. Mje na sweta, Njoro mwezi wa sita asubuhi ni baridi kali.

Mama_Lanet

Asante mwanangu. La mwisho: avae sare au nguo za nyumbani?

Mzee_wa_Mbale

Sare kwa siku zote. Akiwa na sare, mhadhiri anajua ni mwanafunzi wa sekondari na anamweleza taratibu. Akiwa na nguo za nyumbani, atadhaniwa ni mwaka wa kwanza aliyepotea njia, na naibu wa shule yake akisikia alionekana mjini Kakamega Jumatano bila sare, barua yako haitamsaidia.

Mama_Lanet

Sare, basi. Sweta ya shule anayo.